Mlenda wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, kale kwelikweli, hata mimi bibi yenu nilikuwa sijazaliwa. Na mnaocheka huko nyuma nimewasikia. Najua uso wangu unadanganya. Sisi ngiri tunazaliwa na uso wa kizee. Hata wewe kitinda mimba hapo, kajitazame kwenye maji, utaona babu yako anakutazama.

Basi, palikuwa na kilima cha mawe, na kwenye kilima hicho aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua. Kadogo, hana mkia, ukimwona kwa mbali unadhani ni sungura aliyesahau masikio nyumbani. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na nyumba yake ilikuwa pango jembamba katikati ya mawe. Jua likiwaka, mle ndani baridi. Mvua ikinyesha, mle ndani pakavu. Jioni akiwalaza wanawe aliwaimbia, na sauti yake ikishuka mteremko wote mpaka kwa majirani.

Majirani walikuwa watatu, wote wakubwa. Kulikuwa na Bwana Nyati, mwenye uwanja wake wa nyasi. Kulikuwa na Mzee Kiboko, mwenye bwawa lake. Na wa tatu, ngoja nikohoe kidogo, wa tatu alikuwa ngiri. Aliitwa Mzee Mashavu, naye ni babu wa babu yangu. Msinitazame hivyo. Kila ukoo una mtu wake wa kutia aibu, na sisi wetu ndiye huyo.

Mzee Mashavu hakukosa kitu. Nyumba yake aliichimba mwenyewe kwa meno yake, chini kabisa ya mteremko: ukumbi, vyumba vya kulala, jiko la nyuma, na mlango mpana unaotazama kilimani. Mke anaye, watoto anao, viazi vikuu vimejaa ghalani. Mtu kama huyo angeamka asubuhi akashukuru, akaenda zake shambani. Yeye akiamka alisimama mlangoni, akainua macho kule pangoni, na roho ikaanza kumuuma papo hapo, kabla hata hajanawa uso.

Wajukuu zangu, nisikilizeni vizuri hapa, maana watu wanachanganya. Wivu ni kuiona nyumba ya Bi Pimbi ukasema, laiti ningekuwa na kama ile. Wivu si mzuri, lakini angalau wenye wivu huenda wakajenga. Hawa watatu hawakuitaka nyumba ile hata kwa dawa. Wangeifanyia nini? Kiboko angejaribu kuingia angeingiza pua tu, na hiyo pua ingebaki humo mpaka leo. Nyati, pembe zingekwama nje. Babu yetu, haya mashavu mnayoyaona hapa, yangepita wapi? Walichokitaka ni kimoja tu: Bi Pimbi asiwe nayo. Hiyo ndiyo husuda. Haitaki kupata, inataka mwenzio akose.

Basi wakakutana bwawani kwa Kiboko kufanya shauri. Juu ya pango lile, kwenye ukingo, palikuwa na jiwe kubwa la mviringo. Likisukumwa kwa mbele linaanguka mlangoni pa Bi Pimbi na kuuziba, na wala haliondoki tena. Lakini lilikuwa zito. Walikwisha kulijaribu wawili wawili, halikutikisika. Lilitaka wote watatu. Wakakubaliana kwamba mwezi ukiandama watapanda pamoja, watalisukuma, kisha watampa pole.

Kiboko akawaambia wenzake jambo hili libaki siri. Akawaambia kwa kunong'ona. Sasa, kiboko akinong'ona, ndege wanaruka mitini. Bi Pimbi alikuwa jiweni anaanika mboga, akasikia shauri lote tangu mwanzo mpaka ile pole.

Akaiacha mboga, akatazama juu. Mnajua kwa nini? Juu ya kilima kile tai huzunguka kutwa nzima, na pimbi asiye na pango ni kitoweo cha tai. Hakuwa anafikiria nyumba. Alikuwa anawafikiria wale watoto waliolala ndani, mmoja hata kukimbia vizuri hajui.

Kwanza alitaka kwenda kuwalilia. Akasimama, akakaa tena. Aliwajua majirani zake. Kilio chake ndicho walichokuwa wanakitafuta. Angewapelekea yeye mwenyewe hadi mlangoni. Akafikiri, akafikiri, halafu akainuka akabandika chungu. Akapika mlenda.

Mlenda gani? Mlenda wenyewe huu huu. Hauna karanga, hauna nazi, chumvi kwa kubahatisha. Akaupakua kwenye sahani, akaufunika kawa nzuri aliyoisuka kwa ukindu wa rangi, akajitwika, akashuka.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake. Ukipika, unamkumbuka jirani kwa sahani. Sahani inafunikwa, haifunuliwi njiani, na kumuuliza mtu amebeba nini ni utovu wa adabu. Tena aliyeletewa harudishi sahani tupu. Adabu hizo walikuwa nazo wote, hata hao waliokuwa wanapanga kumzibia mwenzao mlango. Ndivyo ilivyo. Mtu anaweza kuwa na roho mbaya na bado akakunja mkeka vizuri.

Njia ya kwenda kwa Mzee Mashavu inapita kwa Nyati, halafu kwa Kiboko. Bi Pimbi akapita taratibu, anatembea kama amebeba mayai. Nyati akamwona, akaisogelea njia kana kwamba anafukuza nzi. Akasalimia. Bi Pimbi akaitikia, akasema anampelekea Mzee Mashavu chakula, kidogo tu, si cha maana. Nyati akajua hapohapo kuwa ni cha maana. Wapishi hodari ndivyo wanavyosema.

Mzee Mashavu akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaingia nayo ndani, akafunua. Akaona mlenda. Akauchungulia pembeni labda kuna kitu chini yake. Chini yake kulikuwa na sahani. Wakaula, yeye na mkewe, ukivutika kutoka sahanini mpaka kidevuni.

Hawajamaliza, hodi. Nyati kaja kuomba kaa la moto. Alikuwa na moto kwake, moshi wake ulikuwa unaonekana. Akasimama pale mlangoni, akazungusha maneno, mwisho akauliza kama wamekula salama.

Hapo babu angesema "tumekula mlenda," nami leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia, tungelala mapema. Lakini ngiri! Ngiri aonekane kaletewa mlenda? Akafuta mashavu, akaegemea mlango.

"Mihogo ya nazi, bwana," akasema. "Tui zito, sijui kaweka iliki mle ndani. Yule mama ana mkono."

Nyati akarudi kwake bila kaa la moto. Usiku hakulala. Akawa anajigeuza tu, kijiba kimemkaa rohoni, anajiuliza Mashavu ana nini hata apelekewe mihogo ya nazi, na yeye aliye karibu na kilima arukwe.

Sahani iliyofuata ikaenda kwa Nyati. Akaifunua kwa haraka mpaka kawa ikaangukia ng'ambo. Mlenda. Nyati akahisi dunia imemdhihaki. Mwenzake mihogo ya nazi, yeye mlenda! Alipotokea Kiboko, amepita tu, ati anatafuta kamba yake, Nyati akajipapasa tumbo na kumwambia kuwa ameletewa ndizi mzuzu zilizokolea tui, tena zimebaki nyingine za kesho.

Halafu zamu ya Kiboko. Naye mlenda. Naye akavimba, akazama bwawani akatoa mapovu ya hasira. Alipoibuka akamkuta Mzee Mashavu ukingoni, eti kaja kutazama hali ya maji. Kiboko akamwambia kwa upole kuwa mkate wa kumimina aliokula leo haujawahi kupikwa mahali pengine.

Mnaona sasa? Wote watatu wamekula mlenda wa chungu kimoja. Wote watatu wamedanganya. Na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba, kama mimi nimedanganya, labda na mwenzangu kadanganya. Kila mmoja aliamini kuwa yeye peke yake ndiye anayedharauliwa na wenzake wanakula vinono. Nasema hivi na uso wangu mkavu, lakini ninapofika hapa huwa naona haya kidogo, maana aliyeanza ni wetu.

Na sahani je? Zilirudi, lakini hazikurudi tupu. Mzee Mashavu akafikiri: kumbe Kiboko kapewa mkate wa kumimina kwa sababu alirudisha sahani vizuri kuliko mimi. Akaenda ghalani, akachagua kiazi kikuu kikubwa kuliko vyote, akamkabidhi Bi Pimbi na tabasamu. Nyati akasikia habari ya kiazi, akapeleka mtungi wa asali. Kiboko akasikia habari ya asali, akapeleka furushi la mchele wake wa bondeni, mpaka akabaki anatafuna matete. Na kila mmoja akaletewa tena sahani, na kawa ile ile ya rangi, na ndani yake mlenda ule ule.

Nyumbani kwa babu kulikuwa hakukaliki. Ghala linaisha, watoto wanalamba mwiko. Mkewe alikuwa mama mwenye akili zake, hata sijui alifuata nini katika ukoo huu. Siku moja akamshika pale anapobeba kiazi cha mwisho.

"Mume wangu, mimi na wewe tulikula sahani moja. Ulikuwa mlenda. Wa pili mlenda. Wa tatu mlenda. Unamlipa nani mihogo ya nazi?"

"Punguza sauti," babu akamwambia. "Nyati atasikia."

Mkewe akamtazama, akaketi chini. Kuna maradhi mtu ukimwona nayo unajua hayana dawa, ni kusubiri tu yamtoke au yammalize.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake wote watatu wakapanda kilimani kama walivyopatana. Siku zile za mwanzo walikuwa wanakutana wakicheka. Sasa walipanda wameachana hatua kadhaa, kila mmoja anamtazama mwenzake tumbo. Bi Pimbi alikuwa ndani, amewakumbatia wanawe, anasikia vishindo juu ya dari yake. Kama wale watatu wangekuwa na nia moja kwa muda wa kupiga chafya tu, kisa kingeishia hapo, na vibaya.

Wakalizunguka jiwe. Wakaweka mabega. Kiboko akahesabu, wakasukuma.

Jiwe kimya.

Ndiyo, kwa sababu Nyati alikuwa anafikiri: nani asukume kwa nguvu, mimi ninayelishwa mlenda, au Kiboko aliyeshiba mkate? Akalegeza bega. Kiboko akafikiri: asukume Nyati mwenye ndizi zake. Akalegeza. Na Mzee Mashavu, babu yetu kipenzi, alikuwa ameweka shavu tu. Hata shavu lenyewe hakulikaza. Alikuwa anaguna sana ili aonekane.

Wakasukuma tena, wakaguna tena. Mwisho Nyati akashindwa kujizuia. Akamwambia Kiboko asukume yeye, mkate wa kumimina si una nguvu. Kiboko akamuuliza kuhusu ndizi mzuzu. Wote wawili wakamgeukia babu wakamkumbusha mihogo yake. Maneno yakapanda juu, ya tumboni yakaanza kutoka. Nani kampendelea nani, nani kapeleka asali kwa siri, nani mnafiki. Kilima kizima kikasikia.

Bi Pimbi akatoka. Kichwani amejitwika sinia, na juu ya sinia sahani tatu, zote zimefunikwa kawa. Akazitua chini mbele yao, karibu na jiwe.

"Majirani zangu," akasema, "nimesikia mnagombania chakula changu. Leo nimewapikia wote pamoja. Mtakula mkitazamana."

Akafunua ya kwanza, ya Nyati. Mlenda. Akafunua ya Kiboko. Mlenda. Akafunua ya Mzee Mashavu. Sina haja ya kusema.

Nyati akaitazama sahani ya Kiboko, Kiboko akaitazama ya Mashavu. Taratibu ikawaingia. Nyati akauliza, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, ile mihogo ya nazi ilikuwa wapi.

"Mimi tangu mwanzo nimepika mlenda," Bi Pimbi akasema. "Hayo mengine mmeyapika wenyewe kwa midomo yenu. Mkayaonea gere ninyi wenyewe. Na leo mmepanda kunizikia wanangu, na nyumba yangu hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuingiza kichwa. Niambieni basi, niliwakosea nini?"

Kiboko aliinamisha kichwa. Nyati alikuwa anachora chini kwa kwato. Nadhani, na wazee wetu walidhani hivyo pia, kwamba wale wawili hapo walishikwa na aibu ya kweli, na wangegeuka wakashuka zao, mambo yangeisha kwa amani.

Lakini alikuwepo wetu.

Mzee Mashavu alikuwa bado anazitazama zile sahani. Aliitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza. Akapiga magoti azione kwa karibu. Halafu akanyanyua kichwa, mashavu yamewiva kwa hasira.

"Mbona wa Nyati umejaa kuliko wangu?"

Jamani. Wajukuu zangu, damu hiyo ndiyo iliyo ndani yenu. Msicheke sana.

Akairukia sahani ya Nyati. Nyati, ambaye sekunde moja nyuma alikuwa anajuta, akaona mlenda wake unaondoka, akatupa pembe. Pembe haikumpata babu, ilimpata Kiboko ubavuni. Kiboko akarudi kinyumenyume na mwili wake wote, akakaa kwenye lile jiwe, puu!

Kile ambacho watatu walishindwa kwa nia mbaya, Kiboko mmoja alikifanya kwa makalio. Jiwe likatikisika. Lakini halikwenda mbele, mlangoni pa pango. Kiboko alilisukuma kwa upande, likaukosa mlango wa Bi Pimbi. Likazunguka, likaushika mteremko, gu, gu, gugugugu, vumbi hilo, linashuka linaongeza mwendo, na kule chini kabisa ya mteremko, mnakumbuka ni nani aliyechimba mlango mpana unaotazama kilimani.

Mkewe na watoto walikuwa nje, wanatafuta mizizi kwa sababu ghala limekwisha. Hiyo ndiyo faida pekee ya asali ya Nyati na viazi vya babu. Walisikia mngurumo, wakatimua mbio mikia juu, wakageuka kutazama. Jiwe likaingia mlangoni kama lilikuwa limepimwa. Ukumbi, vyumba, jiko la nyuma, vyote vikabaki ndani.

Babu alishuka mbio, akalisukuma. Akalipiga kwa meno. Akapaza sauti kuwaita wenzake waje, maana jiwe lile lilitaka watatu. Nyati na Kiboko wakaja, wakasimama, wakalitazama jiwe, wakatazamana. Kiboko akasema ubavu unamuuma. Nyati akasema amekumbuka ana kazi. Wakampa pole, ile ile waliyomwekea Bi Pimbi, wakaenda zao. Na mimi sitawaficha: walipokuwa wanakwenda, mwendo wao ulikuwa mwepesi. Walikuwa wanaionea kijicho ile nyumba siku nyingi.

Jioni ile jua lilizama, babu yuko nje na wanawe, hana mlango. Akaja Bi Pimbi na sahani iliyofunikwa kawa, akaiweka mbele ya mkewe, si mbele yake. Kiazi kikuu kilichochemshwa, kile kile cha kwao. Mama yule akawagawia watoto. Babu akauliza kama kilichobaki kilimani ni kikubwa zaidi. Mkewe akamwambia ale anyamaze.

Kesho yake ilibidi Mzee Mashavu aende kwa muhanga kuomba shimo lake la zamani aliloliacha, lililokuwa linanuka mchwa. Na tangu siku hiyo, sisi ngiri hatujachimba nyumba nyingine ya maana. Tunalala kwenye mashimo ya watu. Hata hili mlilokalia ni la muhanga, msidanganyike. Na mmeona tunavyoingia. Wanyama wengine wenye akili wanatanguliza kichwa. Sisi tunaingia kinyumenyume, makalio mbele, macho nje. Watu wa heshima wanasema ni kwa sababu tunamwogopa simba. Mimi nawaambia ukweli wa nyumbani: babu yenu aliogopa kugeuza kisogo, asije akapitwa na sahani inayokwenda kwa jirani.

Husuda, wajukuu zangu, ni kuihesabu mboga ya jirani mpaka nyumba yako mwenyewe izibwe mlango.